Tathmini ya huduma ya mikopo ya elimu ya juu: mtoto wa maskini mbele ya mfumo wa HESLB

Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, ambayo wengi tunaifahamu kwa kifupi chake cha HESLB, ndiyo taasisi ya umma inayoamua, pengine kuliko nyingine yoyote, ikiwa kijana wa Tanzania aliyefaulu kidato cha sita kutoka kaya isiyo na kipato ataingia chuo kikuu au atarudi shambani na cheti chake. Mimi ni mwalimu katika shule ya sekondari yenye kidato cha tano na cha sita, na kila mwaka kazi ya kuwasaidia wahitimu wetu kuomba mkopo huangukia mikononi mwangu. Tathmini hii inatokana na kazi hiyo, pamoja na miongozo ambayo Bodi huitoa kila mwaka kabla ya kufungua dirisha la maombi. Hukumu yangu niiseme mapema: kwa mwombaji aliyekwisha kuingia katika mfumo akiwa na nyaraka zote, huduma hii imeboreka kwa kiwango kinachostahili sifa, lakini kwa maskini wa kweli, yule ambaye sheria yenyewe ilimkusudia, mlango bado ni mwembamba, na kinachoubana ni karatasi kuliko uhaba wa fedha.

Bodi iliundwa kwa Sheria Na. 9 ya mwaka 2004 na ikaanza kazi Julai 2005. Kwa miaka mingi baada ya uhuru, mwanafunzi wa chuo kikuu aligharimiwa na Serikali. Sera ya kuchangia gharama ilipoanza kutekelezwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, mzigo ukahamia kwa familia hatua kwa hatua, na kuanzia mwaka 1994 wanafunzi wakaanza kukopeshwa kupitia wizara. Madeni ya wakati ule ndiyo ambayo Bodi ilikuja kupewa jukumu la kuyakusanya. Sheria ya 2004 ilitamka kwamba watakaokopeshwa ni wanafunzi wenye sifa na walio wahitaji. Neno hilo, wahitaji, ndilo lililoleta ugumu wote uliofuata, kwa kuwa lazima mtu fulani aamue nani ni mhitaji, na aamue kwa kutumia ushahidi fulani. Katika miaka ya mwanzo waombaji walipangwa katika makundi ya A hadi F, wa kundi la A wakipata asilimia 100, wanaofuata 80, 60, 40 na 20, na wa kundi la F wakiambulia patupu. Upangaji huo ulilalamikiwa sana na ulikuwa miongoni mwa sababu za migomo ya vyuo vikuu ya mwaka 2008. Wanafunzi wa wakati ule hawakuwa wakipinga wazo la kumpa zaidi anayehitaji zaidi. Walichokikataa ni kupimwa kwa mizani wasiyoielewa, na malalamiko hayo, kwa sura nyingine, ninayasikia hadi leo.

Kwa upande wa uwezo wa kifedha, Serikali inastahili kutambuliwa. Bajeti ya mikopo ilikuwa shilingi bilioni 464 katika mwaka wa masomo wa 2020/21, ikapanda hadi bilioni 570 mwaka uliofuata, kisha bilioni 654 katika mwaka wa 2022/23, na kufikia mwaka wa 2024/25 ilikuwa imekaribia bilioni 787, fedha inayowagusa wanafunzi zaidi ya 200,000. Hakuna mtu mwenye nia njema anayeweza kuyaita maendeleo haya madogo. Swali la usawa, hata hivyo, halijibiwi kwa ukubwa wa mfuko, maana mfuko unaweza kuongezeka kila mwaka huku wale walio nje ya foleni wakibaki walewale.

Tuanze na huduma yenyewe kama mwombaji anavyoikuta. Maombi yote hufanyika kwa mtandao kupitia mfumo unaoitwa OLAMS. Mwombaji hujisajili kwa kutumia namba yake ya mtihani wa kidato cha nne, na mfumo huvuta majina na taarifa zake kutoka Baraza la Mitihani, jambo ambalo limepunguza makosa ya tahajia na limezuia udanganyifu uliokuwa rahisi wakati wa fomu za kujaza kwa mkono. Hupewa namba ya malipo, akalipa ada ya maombi kwa simu au benki, akajaza taarifa zake, akachapisha fomu, akaipeleka kusainiwa na kugongwa mihuri, kisha akaiskani na kuipakia tena pamoja na viambatisho. Baada ya hapo kila mwombaji ana akaunti yake ya kudumu, SIPA, ambako anaona amepangiwa kiasi gani na kwa ajili ya nini. Akishafika chuoni husaini kupokea fedha kwa alama ya kidole kupitia mfumo wa kidijitali, tofauti kabisa na enzi za kupanga mistari mirefu mbele ya ofisi ya mikopo na kusaini karatasi ambazo wakati mwingine zilifika chuoni zikiwa zimechelewa. Kwa kipimo cha uendeshaji peke yake, ni miongoni mwa huduma za umma zilizopangwa vizuri nchini, na ofisi za kanda katika miji kama Mwanza, Arusha, Mbeya na Mtwara zimempunguzia mwananchi safari ya Dar es Salaam.

Lakini tazama hatua hizo tena kwa jicho la msichana anayeishi na bibi yake katika kijiji kisicho na umeme wa uhakika. Ada ya maombi ni shilingi 30,000, nayo hairudishwi hata kama mkopo haukupatikana. Kwa mfanyakazi wa mjini kiasi hicho ni kidogo. Kwa kaya inayouza mahindi kwa debe ni matumizi ya wiki kadhaa, na yanatakiwa kutolewa kabla ya kuwa na uhakika wa chochote. Ongeza nauli ya kwenda makao makuu ya wilaya, gharama ya steshenari ya kuchapisha na kuskani, malipo ya muhuri wa wakili pale ambapo hakimu hapatikani, na gharama ya kuhakiki vyeti kwa Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, yaani RITA. Hakuna hata kimoja kati ya vitu hivi ambacho ni kikubwa peke yake. Vikijumlishwa vinakuwa kiingilio, na kiingilio hicho ni kilekile kwa mtoto wa meneja na kwa mtoto wa kibarua. Mpango ulioundwa kwa ajili ya wahitaji haupaswi kumtoza mhitaji ada sawa na asiye mhitaji ili tu ahesabiwe. Kama Bodi inaona lazima iwepo ada, basi walau kaya zinazotambuliwa na TASAF, yaani Mfuko wa Maendeleo ya Jamii unaoendesha mpango wa kunusuru kaya maskini, zisamehewe, kwa sababu Serikali hiyohiyo imekwisha kukiri kwa maandishi kwamba kaya hizo haziwezi kujikimu.

Jambo la vyeti linahitaji kuelezwa kwa urefu, kwa kuwa ndipo sera za sekta tofauti zinapogongana juu ya kichwa cha mtoto mmoja. Mwombaji anatakiwa awe na cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa. Vijana wanaomaliza kidato cha sita katika miaka hii walizaliwa kati ya mwaka 2005 na 2007 hivi. Mpango wa RITA wa kusajili watoto wa chini ya miaka mitano na kuwapa vyeti bila malipo katika vituo vya afya na ofisi za kata ulianza kutekelezwa mwaka 2013, wakati vijana hawa walikuwa wamekwisha kuvuka umri huo. Kizazi chao kilipitwa na mpango ule kwa miaka michache tu. Wengi wa waliozaliwa nyumbani kwa mkunga wa jadi, au katika zahanati ambayo kumbukumbu zake hazionekani tena, hulazimika kusajiliwa wakiwa watu wazima, kwa kutafuta barua ya mtendaji wa kijiji, kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo au chochote kinachoweza kuthibitisha siku ya kuzaliwa. Kisha hujitokeza tatizo la majina: mtoto aliandikishwa darasa la kwanza kwa jina la mjomba aliyempeleka shule, cheti cha kidato cha nne kikatoka kwa jina hilo, na cheti cha kuzaliwa kinachopatikana miaka kumi na miwili baadaye kikabeba jina la baba. Kurekebisha tofauti hiyo kunahitaji kiapo cha kisheria, na kiapo kinahitaji fedha na muda ambao dirisha la maombi haliutoi.

Mtoto wa mjini aliyezaliwa hospitali ya mkoa hakutani na hata moja ya vikwazo hivi. Hapo ndipo upendeleo unapozaliwa bila mtu yeyote kukusudia kupendelea.

Uyatima ni mfano ulio mchungu zaidi. Miongozo ya Bodi inawapa kipaumbele waombaji waliofiwa na wazazi, na ni haki kabisa. Ili uyatima ukubalike unatakiwa uthibitishwe kwa cheti cha kifo kilichohakikiwa. Vijijini kwetu mtu hufia nyumbani, huzikwa siku hiyo au ya pili yake, na msiba ukiisha hakuna anayefikiria kwenda wilayani kusajili kifo, kwa sababu marehemu hakuwa na akaunti ya benki wala kiwanja chenye hati wala mafao ya kufuatilia. Cheti cha kifo ni nyaraka inayotafutwa na wenye urithi wa kugawana. Maskini asiyeacha mali haachi karatasi, na mtoto wake, ambaye kila mtu kijijini anajua kwamba ni yatima, mbele ya mfumo anasomeka kuwa mtoto mwenye wazazi wawili hadi atakapothibitisha vinginevyo.

Wapo pia ambao hakuna cheti chochote kinachoweza kuwaeleza. Baba aliyeondoka nyumbani mtoto akiwa mdogo na asionekane tena hajafa. Jina lake lipo katika cheti cha kuzaliwa, na fomu inauliza kazi yake. Mama anayelea watoto peke yake kwa kuuza maandazi si mjane. Mwaka hadi mwaka ninakutana na wanafunzi wa aina hii na ninawashauri waeleze hali yao kwa uwazi, waambatishe barua ya serikali ya kijiji, na kama watakosa mkopo watumie nafasi ya rufaa. Rufaa ipo na inafanya kazi. Wapo waliopangiwa mkopo baada ya kukata rufaa na kuongeza vielelezo. Ninachoona ni kwamba anayejua kukata rufaa mara nyingi ni yule mwenye ndugu aliyesoma, au mwalimu wa kumsukuma, au simu yenye kifurushi cha intaneti. Aliyekosa vyote hivyo hulichukua jibu la kwanza kuwa ndilo la mwisho.

Kuhusu namna ya kupima uhitaji, Bodi huangalia mambo kadhaa kwa pamoja, yakiwemo ulemavu wa mwombaji au wa mzazi, kazi za wazazi, aina ya shule alizosoma na ada iliyokuwa ikilipwa. Kigezo cha ada ya shule kina mantiki, kwa maana aliyelipiwa mamilioni kwa mwaka tangu kidato cha kwanza hawezi kuwekwa sawa na aliyesoma shule ya kata. Ila kina mtego. Mtoto wa mlinzi aliyefadhiliwa na parokia, na msikiti, au na taasisi ya hisani akasoma shule binafsi, katika hesabu hiyo anaonekana tajiri, na hana budi kupata barua ya mfadhili inayothibitisha kwamba fedha haikutoka nyumbani kwao. Mfadhili akiwa hai na karibu, barua hupatikana. Akiwa amefariki, amehama, au shirika lake limefungwa, mwanafunzi hubaki akihesabiwa kwa utajiri ambao familia yake haijawahi kuushika.

Kigezo cha kaya zinazonufaika na TASAF ninakiona kuwa bora kuliko vyote, kwa sababu umaskini wa kaya unakuwa umekwisha kuamuliwa na jamii yenyewe katika mkutano wa kijiji, mbele ya majirani wanaojua nani analala njaa. Kasoro yake ni mipaka ya mpango wenyewe. Katika kipindi cha kwanza cha mpango wa kunusuru kaya maskini, vijiji, mitaa na shehia zilizofikiwa zilikuwa takriban asilimia 70 ya zote nchini, na kipindi cha pili, kilichozinduliwa mwaka 2020, ndicho kilicholenga kuzifikia zote. Kaya maskini iliyochelewa kuingia katika daftari, au iliyoachwa kwa sababu ya ugomvi na uongozi wa kijiji, inamkosesha mtoto wake kipaumbele mara mbili: kwanza ruzuku ya chakula na shule alipokuwa mdogo, kisha mkopo alipokuwa mkubwa.

Muda wa maombi nao unastahili kuangaliwa. Dirisha hufunguliwa katikati ya mwaka na kwa kawaida hufungwa mwishoni mwa Agosti. Ndani ya kipindi hichohicho wahitimu wengi wa kidato cha sita wako katika kambi za Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) kwa mafunzo ya mujibu wa sheria, ambayo yalirejeshwa mwaka 2013. Maofisa wa Bodi wamekuwa wakifika makambini kutoa elimu kuhusu maombi, na ninawapongeza kwa hilo, kwa sababu ni mfano wa taasisi inayomfuata mwananchi alipo. Lakini kijana aliye kambini hawezi kufuatilia cheti cha kifo cha baba yake katika ofisi ya wilaya iliyo mikoa mitatu mbali naye. Mwenye mzazi anayejiweza humwachia mzazi kazi hiyo. Asiye na mtu huomba ruhusa, au hukabidhi namba zake za siri kwa kijana wa steshenari ambaye hamfahamu. Katika mji ninakofanyia kazi kuna steshenari, ambayo sitaitaja jina, iliyowajazia wanafunzi kadhaa wa shule yetu taarifa za wazazi kwa kunakili fomu moja kwenda nyingine ili kazi iishe haraka, na ilibidi tukae nao usiku tukirekebisha siku chache kabla ya dirisha kufungwa. Ninatahadharisha kila mzazi anayesoma hapa: mtoto ajaze mwenyewe, na mtu mzima anayejua kusoma akae pembeni yake.

Mkopo ukipatikana, swali linakuwa ni kiasi gani na lini. Vipengele vinavyokopeshwa ni chakula na malazi, ada, vitabu na viandikwa, mahitaji maalumu ya kitivo, mafunzo kwa vitendo na utafiti. Fedha ya chakula na malazi, ambayo wanafunzi wenyewe huiita bumu, ilikuwa shilingi 8,500 kwa siku kwa miaka kadhaa, na tangu mwaka wa masomo wa 2022/23 ni shilingi 10,000. Nyongeza hiyo ilikuwa ya lazima na ilipokelewa kwa furaha, ingawa kwa anayepanga chumba nje ya chuo jijini Dar es Salaam bado inabana sana, kwa sababu kodi hudaiwa kwa miezi kadhaa kwa mpigo. Upande wa ada hali inatofautiana: wapo wanaolipiwa yote, na wapo wanaopata bumu kamili lakini ada wakapewa sehemu tu. Kwa kozi nyingi za vyuo vikuu vya umma ada ni kati ya shilingi milioni moja na milioni moja na nusu kwa mwaka, hivyo hata sehemu ndogo isiyokopeshwa inaweza kuwa laki kadhaa ambazo familia haijawahi kuziona kwa pamoja. Mwanafunzi huyo katika takwimu ni mnufaika. Wakati wa mitihani, anaposubiri kuruhusiwa kuingia chumba cha mtihani kwa sababu ya salio la ada, neno hilo halimsaidii.

Majina ya waliopangiwa mikopo hutolewa kwa awamu, kuanzia karibu na siku za kufunguliwa kwa vyuo na kuendelea baada ya vyuo kufunguliwa. Hapa ninaipunguzia huduma alama nyingi kuliko mahali pengine popote. Mwanafunzi asiyejua kama ana mkopo anatakiwa aamue kama apande basi au abaki nyumbani. Mwenye uwezo hupanda, akasubiri awamu ya pili au ya tatu akiwa chuoni, akitumia fedha ya nyumbani. Maskini hana fedha ya kusubiria. Hata aliyepangiwa katika awamu ya kwanza kabisa anahitaji nauli, godoro, ndoo, amana ya hosteli na chakula cha siku za mwanzo kabla bumu halijaingia, na hakuna kipengele cha mkopo kinachotangulia safari. Sera moja ndogo, ya kumtumia aliyethibitishwa kuwa mhitaji sana kiasi cha kuanzia kabla hajaondoka nyumbani, ingewaokoa watoto ambao hatuwahesabu kwa sababu hawakufika hata kusajiliwa.

Kuna masharti mengine yanayoonekana ya kawaida lakini yanawaumiza zaidi walio chini. Miongozo ya miaka ya karibuni imekuwa ikitaka mwombaji awe amehitimu kidato cha sita au stashahada ndani ya miaka mitano iliyopita. Anayechelewa kuomba ni nani, kama si yule aliyebaki nyumbani kuwalea wadogo zake, au kumuuguza mama, au kufanya vibarua hadi apate fedha ya kukamilisha vyeti? Kwa upande mwingine, uamuzi wa kuanza kuwakopesha wanafunzi wa stashahada tangu mwaka 2023/24, kwa kutengewa shilingi bilioni 48 katika fani za vipaumbele kama afya, ualimu wa sayansi na hisabati, usafirishaji, nishati na madini, kilimo na mifugo, ninauona kuwa hatua kubwa ya usawa. Vyuo vya kati ndiko wanakokwenda watoto wengi wa shule za kata ambao ufaulu wao wa kidato cha nne haukuwapeleka kidato cha tano, na kwa muda mrefu walilipa kila kitu wenyewe huku waliofaulu zaidi, ambao mara nyingi ndio waliosoma shule nzuri zaidi, wakikopeshwa.

Sitaipita Skolashipu ya Samia, iliyoanza mwaka 2022/23 kwa shilingi bilioni 3 na wanafunzi 640 wa masomo ya sayansi waliofanya vizuri zaidi kidato cha sita. Ufadhili huo unalipa gharama zote na haudaiwi. Kuwatuza wenye bidii ni jambo jema, na nchi inahitaji wahandisi na madaktari. Hata hivyo, kigezo chake ni ufaulu bila kuangalia kipato, na ufaulu wa juu kabisa wa sayansi hupatikana kwa wepesi zaidi katika shule zenye maabara kamili na walimu wa kila somo. Matokeo yake ni kwamba mtoto wa familia inayojiweza anaweza kusomeshwa bure hadi mwisho, na mtoto wa mkulima aliyepata daraja la kwanza la kawaida katika shule isiyo na mwalimu wa fizikia akasomeshwa kwa deni. Ningependa sehemu ya ufadhili huo itengwe kwa ajili ya mwanafunzi bora kutoka kila mkoa miongoni mwa waliosoma shule za Serikali pekee.

Ni haki pia kusema kwamba Bodi inabebeshwa lawama za mambo yaliyotokea mbali na ofisi zake. Ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne katika shule za umma iliondolewa kuanzia Januari 2016, na ile ya kidato cha tano na cha sita kuanzia mwaka wa fedha wa 2022/23. Maamuzi hayo mawili yamewafikisha kwenye dirisha la mikopo watoto ambao zamani wasingefika. Bado, wengi wa watoto wa kaya maskini kabisa huwa wamekwisha kuondoka shuleni kabla ya kufika kidato cha sita, kwa umbali wa shule, kwa kukosa chakula cha mchana, kwa ujauzito au kwa kukosa walimu. Bodi inagawa mikopo miongoni mwa waliosalia.

Urejeshaji ni sehemu ya huduma hii ambayo mwombaji wa miaka 19 haifikirii, na ni wajibu wetu kumwambia. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2016 yalipandisha makato kutoka asilimia 8 hadi asilimia 15 ya mshahara wa msingi, na yakawagusa hata waliokuwa wamekopa wakati kiwango kikiwa cha chini. Anayepata mshahara wa msingi wa shilingi 800,000 hukatwa 120,000 kila mwezi, kabla hajawakumbuka wadogo zake ambao sasa wanamtazama yeye kama alivyokuwa akiwatazama wengine. Asiyeajiriwa rasmi anatakiwa arejeshe kuanzia shilingi 100,000 kwa mwezi, kiwango kigumu kwa mhitimu anayeendesha bodaboda. Tozo ya asilimia 6 kwa mwaka ya kulinda thamani ya fedha, iliyokuwa ikifanya deni likue kila mwaka hata kwa anayelipa, ilifutwa kufuatia tamko la Rais Samia Suluhu Hassan katika sherehe za Mei Mosi mwaka 2021 jijini Mwanza, na adhabu ya asilimia 10 kwa wanaochelewa nayo ikaondolewa. Hatua hiyo iliwapa nafuu ya kweli walimu wenzangu wengi. Kilichobaki kufanywa ni kuweka makato yanayopanda kulingana na mshahara, ili anayelipwa kidogo akatwe chini ya asilimia 15 na anayelipwa sana akatwe zaidi, kwa maana fedha hizo ndizo zinazomkopesha mtoto anayefuata na si vizuri zikusanywe kwa kumrudisha aliyetangulia katika umaskini alioukimbia.

Kwa anayejiandaa kuomba, ushauri wangu ni kwamba kazi ianze kidato cha tano na isisubiri matokeo. Majina ya cheti cha kuzaliwa yalinganishwe mapema na yale yaliyosajiliwa kwa mtihani wa kidato cha nne. Vyeti vya vifo vya wazazi vifuatiliwe wakati wa likizo. Namba ya kaya ya TASAF iandikwe mahali salama. Barua ya mfadhili iombwe akiwa bado anapatikana. Na nakala za kila kitu zihifadhiwe na mtu wa nyumbani atakayebaki wakati kijana yuko JKT. Wenye asili ya Zanzibar wakumbuke kwamba wana pia Bodi yao ya mikopo ya elimu ya juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011, yenye taratibu zake. Walimu wakuu nao watenge chumba chenye kompyuta na intaneti kwa ajili ya wahitimu hadi dirisha lifungwe, hata kama wahitimu hao kwa hesabu za shule wamekwisha kuondoka.

Kwa Bodi na wizara, ombi ni moja na linawezekana kwa teknolojia ambayo tayari wanayo. Baraza la Mitihani linajua mtoto alisoma shule gani, TASAF inajua kaya ipi ni maskini, na RITA inajua nani amesajiliwa na nani hajasajiliwa. Orodha ya watahiniwa wa kidato cha sita ikilinganishwa na daftari la TASAF mwezi Januari, miezi kadhaa kabla ya mtihani, Serikali itawajua kwa majina watoto wa kaya maskini walio madarasani, itawasajili wasio na vyeti wakiwa bado shuleni, na itawafungulia maombi bila ada.

Hadi hilo litakapofanyika, alama yangu kwa huduma hii ni nne kati ya tano kwa uendeshaji wa mfumo, na mbili kati ya tano kwa uwezo wake wa kumfikia mhitaji aliyetajwa katika sheria ya 2004. Alama hizo nitazitazama upya pindi mwongozo utakaofuata utakapotolewa, na kitu cha kwanza nitakachokitafuta ndani yake ni msamaha wa ile shilingi 30,000 kwa kaya za TASAF.